Kitu cha Mviringo Ndani ya Shavu

Jumatatu, 10 Februari 2003

Wapiganaji wanakamata wanaume wa mtaa wetu wa Nyakasanza wakabebe masanduku ya risasi hadi Irumu. Jirani yangu Constant anaachwa kila mara: ana karatasi ya hospitali inayosema ana ngiri. Ngiri! Anaitembeza kama medali. Nami pua imeziba tangu Noeli, na shavu la kushoto zito. Kesho hospitali. Nitaugua kumzidi.

Jumanne, 11 Februari

Nimepigwa radio ya uso, ile picha ya mifupa. Daktari Véronique akainua filamu dirishani. Ndani ya shavu, penye uwazi wa hewa, kitu cha mviringo kama karanga! Nilishika meza. Nikauliza nimebakiwa na siku ngapi. Akasema nyingi tu: ni kifuko cha maji, si kansa, wengi wanacho bila kujua. Nisafishe pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Kikizidi kuziba au kuuma, ndipo wapasuaji wa Kampala hukitoa kupitia tundu la pua, kwa mrija wenye kamera.

Nikamwomba aandike "mahututi". Akaandika: "Anaweza kufanya kazi." Mwanamke huyu ananichukia! Karatasi nimeifukia chini ya godoro. Nitatembea na filamu peke yake.

Alhamisi, 13 Februari

Siamini kama niko hai. Kwenye barriere, kizuizi cha wapiganaji barabarani, walinishika. Nikatoa filamu kwa majivuno, Constant akitazama. Kamanda, aliyewahi kuchimba dhahabu Mongbwalu, akaiinua juani na kuuliza kile ni kitu gani. Ili anihurumie nikajibu kwamba hata daktari ameogopa kukitoa. Akaita wenzake. Akawaambia amewaona wachimbaji wengi wanaomeza dhahabu ili waivushe, ila wa kuficha puani hajawahi kumwona.

"Muzee, weye iko na akili," akaniambia taratibu. "Sasa tosha ile zahabu." Yaani niitoe!

Wakanipulizia pilipili puani. Nilipiga chafya mpaka saa sita mchana. Kamasi tu. Mmoja akaanza kunoa kisu! Nikamlilia mke wangu Fifi, aliyekuja mbio aliposikia nimeshikwa, akimbilie karatasi chini ya godoro. Akaileta. Kamanda akasoma polepole: jina langu, Donatien, kifuko cha maji, hakina hatari. Akafika mstari wa mwisho.

"Basi utabeba sanduku mbili," akasema.

Jumatatu, 17 Februari

Nimerudi kutoka Irumu. Mabega yamechubuka, miguu si yangu tena. Pua imefunguka, lakini nani ana haja ya pua? Fifi anasema nichemshe maji ya chumvi na ninyamaze. Constant amekuja kunipa pole, mkono juu ya ngiri yake.

Kosa langu nimeliona. Shavu liko karibu mno na macho ya watu. Kesho nitamwomba Daktari Véronique anipige radio ya tumbo. Tumboni, nani atawaza dhahabu?