Ombi la Kupotezewa Barua Moja ya Ndege

Boaz Mageni,
Didia, Shinyanga.

Ndugu Meneja wa Posta yetu,

Mwangaluka. Na shikamoo, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, basi nimeitoa bure, usinirudishie.

Mimi ni mkulima wa mpunga, mgane, na mkusanyaji wa bahasha za barua za ndege. Sikusanyi stempu, tafadhali tusichanganyane. Nataka bahasha nzima, iliyozunguka ikachoka, iliyogongwa mihuri mpaka jina la mwenyewe halisomeki. Ninazo hata zile karatasi za bluu zinazokunjwa zikawa bahasha zenyewe, kutoka nchi ambazo siku hizi hazipo tena.

Huko Ushirombo yuko Bibi Melania, mwalimu mstaafu, mjane, naye anakusanya kama mimi. Nampenda, na sioni haya kukuandikia hivyo. Nilimposa kwa barua. Akajibu kwamba atanikubali siku nitakapompatia bahasha moja tu asiyokuwa nayo: iliyotoka Didia kwenda Ushirombo, ikapotea njia, ikapanda ndege hadi ng'ambo, kisha ikamfikia na mihuri ya huko. Nilicheka peke yangu shambani. Barua kupotea, nayo ni kazi? Kumbe mmeshatuletea yule binti wa dirishani, Vumilia! Malalamiko yangu juu yake ni haya:

1. Barua ya kwanza niliiandika makusudi “Bibi Melania, Ushirombo, Aislandi.” Karani yeyote mwenye heshima angeipeleka Aislandi. Vumilia alichukua kalamu, akakata Aislandi, akaandika Bukombe, wilaya yake, akamkabidhi kondakta wa basi la asubuhi. Melania aliisoma kabla ya chakula cha mchana. Tena nilipopita dirishani binti akaniamkia vizuri na kuniambia nisijali, amenirekebishia.

2. Ya pili sikuandika jina kabisa. Nilibandika lebo ya KWA NDEGE na kuandika “Amerika ya Kusini” basi. Akautambua mwandiko wangu! Akampa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa anakwenda mnadani upande wa Bukombe. Bahasha ilifika ikinuka zizi, na Melania akaniandikia kwamba harufu haihesabiki kuwa mhuri.

3. Ya tatu nikaona nimkwepe. Nilisafiri hadi Maganzo, ambako watu wana shughuli zao za almasi na hawana muda wa kumjua mkulima wa Didia. Makarani wa posta ya huko wakampigia simu Vumilia. Naye akawaelekeza kwa mtu wa Ushirombo aliyekuwa anapita hapo kwenda kuzika kwao. Ndugu Meneja, barua yangu ya uchumba imesafiri na rambirambi, ikatolewa mfukoni mbele ya waombolezaji, na Melania akaisoma huku watu wanalia. Hivi hapo mimi naitwa nani?

4. Nilipokwenda kumgombeza alinipa kiti na chai ya maziwa. Utamgombezaje mtu huku unapuliza chai yake? Nalo nalihesabu kosa.

5. Wala siteseki peke yangu. Kijiji kizima hakina tena pa kujificha. Zamani mtu akiitwa kwenye kikao cha harusi alisema barua haikumfikia, na mambo yakaisha kwa amani. Shemeji yangu Ignas aliishi hivyo miaka yote, mtu mwenye furaha kabisa. Sasa kila barua inafika, na Ignas amekwishafanywa mwenyekiti wa kamati mbili. Amekonda, ukimwona utamhurumia.

Kwa hiyo naomba Vumilia apelekwe masomoni, hata Ulaya, akafundishwe kupoteza barua kitaalamu. Ikishindikana, basi wewe mwenyewe uende uwanja wa ndege wa Ibadakuli ukaitelezeshe barua yangu kwenye begi la mgeni yeyote anayeondoka. Ikishindikana na hilo, naomba Posta yote ifungwe mpaka nioe. Naambatanisha barua ya nne. Nakuomba uipoteze kwa uaminifu.

Usinione mtu wa mzaha. Clemens, mwana wa Melania, anayefanya kazi mgodini Geita, anataka kumhamishia mama yake kwake baada ya mavuno, akalee wajukuu. Akishahamia huko sitampata tena. Nyumbani kwangu kuna vikombe viwili na kinachooshwa ni kimoja, nami nimechoka, Ndugu Meneja, nimechoka kweli.

Msalimie mama watoto, watoto, mlinzi wa getini na wote wanaopanga foleni hapo. Msalimie na Vumilia, sina ugomvi naye.

Ni mimi mteja wenu niliyehudumiwa kupita kiasi,

Boaz Mageni

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha hii nilipoletewa barua ya Melania na bodaboda aliyetumwa na Vumilia. Melania anasema alishajua kwamba kwa Vumilia barua haipotei. Ndiyo maana aliweka sharti lile, ili nisiache kumwandikia, maana tangu mumewe afariki hakuna aliyemwandikia hata mstari. Barua zangu zote tatu zipo ukurasa wa kwanza wa albamu, na anayoipenda kuliko zote ni ile ya msibani. Amekubali! Jumapili ijayo tunatangazwa kanisani Ushirombo.

Basi yote niliyoandika hapo juu uyachane. Masomo ya Ulaya yafutwe, Posta isifungwe. Na ile barua ya nne, baba, nakushika miguu, usiipoteze. Ndani yake nimemwita Melania jina ambalo sijamwita mtu tangu nilipozika mke wangu, na nataka alisome yeye. Mpe Vumilia. Atajua basi la kuipandisha.