Stesheni Yetu Haijaachwa, Treni Imechelewa Tu

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa jamaa zako wa mtamboni. Mimi ni mkuu wa stesheni ile ambayo gazeti lako, Jumapili iliyopita, liliiita "gofu lililosahauliwa." Habari hiyo niliisoma nikiwa ndani ya gofu lenyewe, nakunywa chai. Tangu hapo wageni wanamiminika na kamera zao, kuja kuvumbua stesheni ambayo mimi sikuipoteza. Kwa heshima zote nalalamika:

1. Hawapigi hodi. Wanaingilia dirishani na mlango uko wazi, eti ndiyo raha yenyewe.

2. Wanavuka reli bila kutazama huku wala huku. Nikiwapulizia filimbi, wanacheka. Treni haijafutwa, Mhariri, imechelewa. Imechelewa miaka mingi, sikatai, lakini wahenga walisema kawia ufike.

3. Wanajilaza kwenye chumba cha abiria wa daraja la kwanza bila tiketi, viatu juu ya benchi. Mmoja alinikuta nafagia, akapiga ukelele kuwa ameona mzimu, kisha mzimu akaombwa kupiga naye picha. Nilikubali kwa sababu ya adabu tu, na kwa sababu siku hiyo kofia ya kazi ilikuwa safi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Picha hiyo imemfikia binti yangu. Sasa kila siku ni, "Baba, funga virago uje tukae wote, huko unalinda popo." Hajui kazi yetu: hutoki zamu mpaka mwenzako aje akupokee. Mwenzangu atakuja kwa treni. Treni haijafika. Stesheni nimkabidhi nani, hao popo?

Basi naomba msahihishe: stesheni ina mtu, na mtu huyo yuko kazini. Wageni nao wakome, au wakate tiketi wasubiri treni kama watu wazima.

Nisalimie wahariri wote, muuza magazeti wa kona, hata yule mpiga picha wenu aliyekanyaga maua yangu.

Wako niliye zamuni,
Mkuu wa Stesheni

N.B. Kabla sijafunga bahasha nimepigiwa simu. Binti yangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na nimelia kwa furaha peke yangu hapa jukwaani. Tafadhali watangazie wale wavumbuzi waje Jumamosi, tena mapema. Mmoja abaki anishikie zamu, filimbi naiacha msumarini. Mwingine anipe lifti hadi mjini, maana nikingoja treni nitamkuta mjukuu wangu ameshaolewa.