Shimo la Saba

Jumatatu, 7 Machi 1977
Leo nimelipasua lile kabati. Miaka mitano limekaa karakanani kwangu, hapa Katwe, kazi yake kunikwaruza goti. Wahindi walipofukuzwa, wenzangu waligawiwa maduka. Mimi Bashir, niliyeanza na nyundo ya kuazima, niligawiwa kabati la chuma lisilo na funguo! Nikasema nilikate, liwe majiko. Droo ya chini: ramani! Ya Mzungu mpimaji, 1938. Karamoja yote, na mashimo saba ya dhahabu yaliyoachwa zamani. La saba limezungushiwa duara mara mbili. Nani huzungushia duara mara mbili shimo tupu?

Hesabu tayari. Mpaka Moroto maili 285. Kisha maili 40 za mchanga na miiba, bila kisima. Watu wawili, siku nane: madebe sita ya maji, mawili ya rejeta. Pikapu ipo. Petroli haipo.

Jumanne, 8 Machi
Petroli imepatikana! Jirani yetu afande Ocen, koplo wa polisi, mtu wa Lira, ana pipa zima. Aliapa halikuibwa. Sikuwa nimemuuliza. Sharti lake twende wote. Kisha akauliza: fundi, toka shimo la saba hadi mpaka wa Kenya ni mbali? Nikamwambia maili 14, yaani kilomita 22 na nusu. Akaniomba nirudie. Akaandika kiganjani. Juu ya dhahabu hakuuliza hata neno. Mtu asiyeulizia dhahabu ndiye anayeitaka yote!

Jumatano, 9 Machi
Sasa Ocen anataka kuja na mkewe, Akot. Na watoto watatu! Wa mwisho ana miaka miwili. Nikamwambia mgodi si harusi. Akasema, fundi, tutabanana. Nimemwelewa: anakusanya wachimbaji. Watu watano dhidi yangu mmoja!

Mke wangu Sabah aliweka chini kisu cha vitunguu. Akasema, Baba Mariamu, huoni? Wenzake wanne, watu wa Lira kama yeye, wameitwa kutoka kituoni wiki hii, hawakurudi. Yule mtu anakimbia. Nikamjibu kwamba anayekimbia hachagui njia yenye dhahabu. Akanitazama kama jiko lililotoboka.

Jioni nimechora nakala mbili, ile ya Mzungu nikaichoma. Moja ya kweli, yangu. Ya Ocen nimelihamisha shimo la saba, nimeliweka hatua mia nne nyuma ya kambi ya jeshi ya Moroto. Akachimbe pale, aone! Zinafanana kama mapacha. Tofauti ni moja: ya kweli ina doa la grisi pembeni. Siri hiyo anaijua Sabah tu, nikifa asidhulumiwe.

Alhamisi, 10 Machi
Saa nne gari lisilo na namba lilisimama mbele ya karakana. Wawili, watu wa usalama. Miwani myeusi, mashati ya maua, viatu vya visigino virefu. Nyundo zote za Katwe zikanyamaza. Sikujua Katwe inaweza kunyamaza.

Wakauliza Ocen yuko wapi. Mmoja akaanza kuchagua jiko la kumpelekea mama yake. Ramani zote mbili nilizificha ndani ya jiko la tatu toka kushoto! Akagusa la kwanza. Akagusa la pili. La tatu akaligonga kwa kucha, akasema hili bati jepesi. Akabeba la nne. Hakulipa.

Nikawaambia Ocen ameenda Masaka, msibani, basi la saa kumi na mbili. Yule mwingine akavua miwani, akaifuta kwa shati langu, nikiwa ndani yake. Akasema, mzee, ukitudanganya tutarudi, na hatutataka jiko.

Kwa nini nilidanganya? Hesabu tu. Kofi la kwanza, Ocen angeitaja dhahabu. Jeshi zima lingekuwa shimoni kwangu!

Nilipomsimulia Sabah, aliondoka mbio kwenda kwa Akot kabla sijafika kwenye jiko la nne.

Ijumaa, 11 Machi
Wameondoka alfajiri, ndani ya lori la ng'ombe linalorudi tupu Karamoja. Wote watano chini ya turubai. Ananitangulia! Nilimwambia Sabah ampe ramani yake, isiyo na doa. Aliifunga pamoja na chapati. Niliona kona ya karatasi ina weusi. Mafuta ya chapati, bila shaka.

Ocen alinishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamtoka. Ameniachia pipa. Lori lilipokata kona nilicheka. Kisha nikamkumbuka yule wa miaka miwili, na lile shimo nililolichora nyuma ya kambi. Nikanywa maji.

Jumatano, 30 Machi
Barua! Imeletwa na dereva wa ng'ombe. Ocen yuko Lodwar, Kenya. Wote wazima. Anaandika: fundi, ramani yako haikukosea hata hatua moja. Shimo la saba tulilikuta pale pale ulipochora, tukajificha ndani mchana kutwa, usiku tukavuka. Mungu akulipe.

Sabah analia. Nikamuuliza kuna nini. Akasema vitunguu. Hatuna vitunguu tangu Jumapili.

Nimekaa na hesabu saa nzima. Ocen nilimchorea uongo, nyuma ya kambi. Shimo amelikuta pale pale nilipochora. Jibu ni moja tu: shimo liko nyuma ya kambi! Nilidhani nadanganya, kumbe nilibahatisha. Nimeitoa ramani iliyobaki. Nayo inasema vivyo hivyo: hatua mia nne nyuma ya kambi ya jeshi. Mashahidi wawili! Doa la grisi silioni, litakuwa limekauka.

Naondoka kesho. Madebe manane, koleo mbili, tochi. Nitachimba usiku, walinzi wakisinzia. Sabah hakubisha hata kidogo. Ila funguo za pikapu hazionekani tangu alasiri.

Si neno. Hata kabati halikuwa na funguo, na nililifungua.