Mkono wa Isihaka, Kutoka Uwanja wa Ndege Hadi Gesti ya Bi Zuleha

Enyi mliokaa na mliosimama, wenye chai kikombeni na ambao maji yenu bado hayajachemka, nyamazeni kidogo, maana nataka kuwasimulia safari kuu ya mwezi Agosti mwaka 2013, safari ya kilomita mia kasoro chache, ambayo ndani yake hakuna ufalme ulioanguka, hakuna mji uliotekwa, wala hakufa hata kuku. Aliyeifanya ndiye aliyenisimulia, na kila akiirudia vilima huongezeka. Mimi nimevipunguza kadiri nilivyoweza.

Shujaa wetu ni Isihaka bin Haidari, mzaliwa wa Kasulu na muuza vitambaa wa Kariakoo, Mpima Doti Asiyekosea, Bwana wa Mkasi, mtu wa miaka hamsini na miwili mwenye kitambi cha heshima na ulimi mrefu kuliko jora lolote dukani mwake. Siku hiyo alishuka katika uwanja wa ndege wa Kigoma saa nne asubuhi, mkono wa kushoto begi, mkono wa kulia kanzu nyeupe juu ya henga, kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ingekata nyanya. Ndani ya ndege alikuwa ameinyoosha magotini mwake kama mgonjwa, na jirani yake alipotaka kupita kwenda msalani alipewa hotuba.

Msimcheke bado. Kaka yake Saady alifariki miaka minne kabla, akaacha mjane, Bi Zuleha, mwenye gesti ya vyumba sita pale Kasulu, na binti mmoja, Firdausi. Siku ya maziko Isihaka alimshika binti yule mkono akamwambia, "Siku ya ndoa yako, mkono wa baba yako utakuwa huu." Sasa siku imefika. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri, na sheikhe alikuwa na ndoa nyingine Kibondo, hangoji mtu. Sheikhe mwenyewe alishauri kwamba ami, ambaye ndiye walii wa kumwozesha, akichelewa atoe uwakala kwa simu, yaishe. Firdausi akajibu, "Kwa simu nanunua umeme. Siolewi." Isihaka aliposikia hayo aliapa kufika, hata kwa magoti.

Nje ya uwanja alimkuta dereva wake, Nestori wa Heru Juu, kijana wa miaka thelathini mwenye maneno machache, pamoja na farasi wao wa vita, Korola ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Kanzu ikatundikwa dirishani kwa taadhima. Wakapanda. Lami ilipowaaga Kidahwe, vumbi jekundu likawapokea, likaingia kwa madirisha, kwa milango na kwa matundu ambayo Nestori mwenyewe hakuyajua, na Isihaka akafunga vioo vyote, akaketi akichemka kama kiazi, mradi nguo isalimike.

Zilikuwa zimebaki kilomita arobaini hivi walipomwona mama mmoja kando ya barabara, kiroba cha unga wa ulezi kichwani. Nestori akakanyaga breki. Akafungua mlango, akatoka, akaingia kwenye nyasi, akasimama akiwa ameipa barabara mgongo. Isihaka alidhani ni haja ndogo, akangoja kwa adabu. Haja haikwisha.

"Mzee," Nestori akanena kutoka nyasini, "huyo ni mama mkwe wangu, Mama Generosa. Mke wangu amejifungua jana, mtoto wa kwanza, na yeye ndiye anakwenda kumlea. Basi limekwishapita. Nikimwacha hapa, nitaingiaje nyumbani kwangu? Na nikimpakia, nitamtazama. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani kabla ya mila ya kufunguliwa macho, nami sijaifanya, mzee. Jembe nimenunua, mbuzi bado."

Isihaka akageuka. Naye mama yule amegeukia upande wa pili, kitenge usoni. Mkwe anatazama msitu wa mashariki, mama mkwe anatazama wa magharibi, na katikati yao yuko Bwana wa Mkasi, jua la saa saba likimpiga utosini. Akafanya jambo ambalo mpaka leo linamuudhi. Alicheka. Akasema, "Ninyi watu wa milimani mna kazi."

Mama Generosa hakugeuka, akamsalimu kwa Kiha. "Mwakeye, baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Haidari. Mwenye duka la milango ya buluu, Kasulu."

"Haidari nilimfahamu," mama akasema. "Alikuwa na adabu."

Hayo yalitosha. Isihaka alikumbuka jinsi babake alivyokuwa akikohoa kwa nguvu kabla ya kupita mbele ya wakwe za watu, ili kila mmoja apate nafasi ya kujificha, na aibu ikampanda kutoka miguuni. Akatafuta njia. Kuendesha yeye? Leseni alikuwa nayo, lakini usukani hakuwa ameushika tangu siku alipoingiza gari la shemeji yake katika genge la nyanya Buguruni, na nyanya zile bado zinasimuliwa. Akatazama huku na huku akitafuta shuka, turubai, chochote. Kisha macho yake, kwa huzuni, yakaiangukia kanzu.

"Ewe kanzu," akaiambia moyoni, "nilikununua kwa ajili ya harusi, sikujua kama nakupeleka jihadi."

Wakaigeuza pazia kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Mkono mmoja wa kanzu ulifungwa kwenye kishikio cha darini upande wa kushoto. Upande wa dereva kishikio hakuna. Basi Isihaka akaketi nyuma ya Nestori, Mama Generosa akaketi kushoto na unga wake magotini, kioo cha kutazamia nyuma kikavishwa kofia ya Nestori, na Isihaka bin Haidari akainua mkono wake wa kulia, akaikamata ile pembe ya pili ya kanzu, akaigandamiza darini. Vioo vikateremshwa ili mama apate pumzi. Vumbi likaingia kwa furaha.

Kilomita tano za kwanza alijisifu. Ya sita ilimnyamazisha. Akajaribu kubadili mkono, pazia likashuka kidogo, na Nestori, kwa heshima kubwa kwa mama mkwe wake, akafumba macho huku gari likienda. Palikuwa na korongo upande wa kulia. Tangu hapo Isihaka aliamua kwamba ni afadhali mkono ukatike kuliko dereva afumbe macho mlimani, na mkono haukushuka tena.

"Mwambie mkwe wangu," Mama Generosa akasema, "baada ya nyumba ya fundi baiskeli kuna shimo."

"Nestori, baada ya nyumba ya fundi baiskeli kuna shimo."

"Mwambie mama nimeliona."

"Mama, ameliona."

Gari likatumbukia, likatoka. "Muulize," mama akasema, "lile tulilopiga ni lipi."

Simu ikaita mfukoni. Akaitoa kwa mkono wa kushoto. "Ami, uko wapi?" Firdausi aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia asubuhi nzima. "Sheikhe anatazama saa."

"Niko nyuma ya kanzu, mwanangu. Nakuja."

Walipokuwa wakipanda kilima cha mwisho, mama akasema polepole, "Mwambie mkwe wangu, nyumbani tumekaa, tumezungumza. Akitaka kumpa mtoto jina la baba yake marehemu, ampe. Sisi tumekubali."

Nestori alikuwa amesikia, ni hatua mbili tu. Lakini neno lilipaswa kupita kwa mjumbe. Isihaka akalirudia lote, neno kwa neno, na alipofika kwenye "baba yake marehemu" alimkumbuka Saady. Gari likapunguza mwendo. "Mwambie mama," Nestori akasema, "nimeshukuru sana." Isihaka akamwambia.

Mama Generosa alishuka nje ya nyumba ya Nestori, pembezoni mwa mji, akaweka unga wake kichwani. "Umeshika vizuri, mtoto wa Haidari," akasema, akaenda bila kutazama nyuma.

Adhana ya alasiri ilikuwa inaadhiniwa walipoegesha mbele ya gesti. Isihaka akatoka garini mwekundu kuanzia ukosi hadi kope, kanzu begani nyekundu vilevile, na mkono wake wa kulia ukiwa juu. Haukuwa unasalimia mtu. Ulikuwa umekataa kushuka.

Bi Zuleha alikuwa mezani pake mlangoni. "Shemeji, unampungia nani?"

"Shemeji, nipe chumba na ndoo ya maji."

"Kitabu kwanza. Mtendaji hukagua, na undugu haumo ndani ya kitabu."

Akaandika kwa mkono wa kushoto, mkono ambao katika aushi yake haukuwahi kushika kalamu. Jina. Kabila. Atokako. Firdausi akasikia sauti yake, akatoka chumba cha ndani na hina yake mikononi, akamwona ami yake kasimama kama mtu anayeomba ruhusa darasani, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Hakuwa amecheka tangu siku ya ndoa ilipopangwa. Kisha akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaushusha taratibu, kidogo kidogo, mpaka ukafika chini.

"Nilikuahidi mkono," Isihaka akasema. "Huu hapa. Umechakaa kidogo."

Alioga kwa ndoo moja, akaikung'uta kanzu, ikabaki nyekundu, akaivaa hivyo hivyo, na sheikhe hakuhitaji simu ya mtu.

Basi mkifika Kasulu msitafute mnara wala bendera. Ingieni gesti ya Bi Zuleha, ombeni kitabu cha mwaka ule, tazameni mstari wenye mwandiko wa kuku na alama ya kidole chekundu pembeni. Penye shughuli ya safari, ambapo wageni wote wameandika biashara au matembezi, pameandikwa: kuleta mkono.