Mjumbe wa Posa Hahitaji Koti

Jumatano, 14 Januari

Nimeshinda! Mimi ndiye msemaji. Dada yangu Rosine ametamka leo, hapa hapa kwangu Newtown, Birmingham, mbele ya mashahidi na sahani ya sambusa. Jumamosi tunakwenda York kumposea mwanawe, Israël, binti aitwaye Orpha.

Évariste alitaka kusema yeye. Eti ni ndugu wa marehemu baba wa kijana, na upande wa baba ndio husema. Nikajibu kwamba mjomba ni mjomba. Rosine akakata shauri: nitasema mimi, kwa sababu Évariste akishika neno haliteremshi. Ila kuna sharti. Nikichelewa kama nilivyochelewa ubatizo wa Israël, kipaimara chake na mazishi ya baba yake, nafasi ni ya Évariste. Siku ya mazishi basi liliharibika njiani. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Évariste akatabasamu. Anakaa Great Barr na ana gari lenye viti vinavyopashwa moto. Tabasamu lake limetoka humo humo kwenye viti.

Israël alinishika mkono mlangoni. Papa Hugues, baba yake Orpha, amekwisha kukataa posa ya kwanza iliyoletwa, kisa msemaji aliketi kabla ya kukaribishwa. Please, anko, akaniambia, usifanye kitu chochote. Kijana amekonda kwa mapenzi. Nimemwambia alale usingizi. Anko yupo.

Alhamisi, 15 Januari

Mpango umekamilika. Wengine wataondoka Jumamosi kwa gari la Évariste. Mimi natangulia kesho kwa basi! Hivyo sitachelewa, na isitoshe nitaujua mji. Papa Hugues anausifu mji wa York kama aliujenga mwenyewe. Nitapachika Warumi kidogo kwenye hotuba, ukuta wa kale kidogo, kanisa kuu kidogo. Évariste atabaki mdomo wazi.

Mke wangu Jeanne anataka nivae koti. Nimekataa. Wanaume wote tumeshonewa suti za kitenge kimoja, bluu yenye majogoo ya manjano, kazi ya fundi wa Sparkhill. Sare ndiyo inayosema hawa ni watu wa nyumba moja. Sasa uifunike kwa koti? Picha zitafika kwetu Bukavu. Mashangazi watazikuza kwa vidole ili waone nini? Zipu?

Rajinder, mwenzangu wa kazini, amenionyesha kwenye simu hali ya hewa ya York. Barafu tupu. Nikamweleza mbinu: chini ya suti kuna fulana juu ya fulana, na suruali ya pajama. Jeanne akanikumbusha kwamba pajama ile ina sungura. Nani atawaona?

Akakumbuka pia skafu ya rangi ya machungwa aliyonifumia, ikapotelea kwenye basi. Ingenifaa sasa, akasema. Nimekubali ni hasara kubwa. (Haikupotea.)

Ijumaa, 16 Januari

York! Mungu wangu. Birmingham kuna baridi, lakini ni baridi ya kawaida, inapita na kukusalimu. Hii ya York inaingia mfukoni kutafuta kitu.

Nimekwenda kuutazama ukuta. Umefungwa, ngazi zina barafu. Nikateremka mtoni. Mto umepanda juu na kumeza mabenchi. Kanisa kuu nimelitazama kwa nje hadi machozi yakatoka, na halikuwa jambo la imani. Hotuba bado haina Mrumi hata mmoja.

Kuna uchochoro wa kale ambao nyumba zake zimeinamiana juu kama akina mama wanaosengenya. Ndipo nilipoteleza. Nilisikia mlio wa kitambaa kabla sijasikia maumivu. Suruali imepasuka kutoka mkandani hadi gotini! Sungura wakatoka kuuona mji. Kundi la watalii likapiga makofi, nadhani walifikiri ni sehemu ya ziara.

Nikakimbilia duka la mitumba la kuchangia paka wasio na kwao. Muuzaji ni mama mzee mchangamfu, Brigid. Akasema makoti ya kiume yameisha tangu baridi ianze. Limebaki moja tu. La kike. Zambarau. Lafika kwenye vifundo vya miguu, lina manyoya shingoni na vifungo vikubwa vyeusi, isipokuwa kimoja cha kijani. Nikalivaa. Brigid akasema ni kama lilikuwa likiningoja mimi.

Nyumba ya wageni haina sindano. Nimeazima stepla mapokezi. Suruali imeshikana vizuri sana, mradi nisiketi, nisiiname, nisipumue.

Jumamosi, 17 Januari, asubuhi

Nimefika mapema! Niko kwenye kituo cha basi mkabala na nyumba ya Papa Hugues, nawangoja wenzangu. Nimewahi mno, nyusi zangu zimekakamaa. Watu wanaopita wananiita darling. Évariste hajafika. Ushindi ni mtamu hata mtu akiwa haisikii miguu yake.

Jumapili, 18 Januari

Naandika baada ya ibada, Jeanne akiwa hanisemeshi ila kwa kucheka.

Tuliingia wote pamoja. Wenzangu wakavua makoti, majogoo yakajaa sebuleni, ikapendeza. Mama Orpha akanyoosha mkono apokee langu. Nikalishika. Nikasema niko sawa. Évariste akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, toa koti, mon cher, baridi hii ni yako peke yako? Nikasema niko sawa.

Ndipo Papa Hugues akaingia. Akasimama. Akanizunguka polepole, kama mtu anayekagua gari kuukuu kabla ya kulinunua. Akagusa kifungo cha kijani. Hiki, akasema, nilikishona mimi.

Koti alimnunulia mkewe kwa kumbukumbu ya ndoa yao. Mwaka jana lilimpotea mama kwenye treni ya Leeds. Papa Hugues alipiga simu reli mpaka wakawa wanamtambua kwa sauti. Sasa alitaka kujua, kwa upole uliotisha, limefikaje mwilini mwa mjumbe wa posa.

Israël alifumba macho. Nikamtazama Mama Orpha. Naye akanitazama, na macho yale nikayajua papo hapo. Ni macho yangu mwenyewe, siku ya skafu. Koti halikupotea! Alilichukia, akawapa paka.

Nikisema ukweli, namwaibisha mama mkwe mbele ya mumewe. Nikinyamaza, mimi ni mwizi, na Israël anarudi Birmingham bila mke.

Nikasema nimeliokota kwenye treni.

Évariste akafungua mdomo: treni gani, si ulikuja na ba... Rosine akamkanyaga mguu. Mungu ambariki dada yangu na visigino vyake. Nikaendelea. Nikasema nimelitunza mwaka mzima nikimwomba Mungu anionyeshe mwenye koti, na kumbe! Sauti yangu ilitetemeka. Nilikaribia kuuamini uongo wangu mwenyewe.

Papa Hugues machozi yakamlenga. Akanikumbatia. Akasema wanaume wa namna hii wamekwisha duniani. Kisha akasema, bon, mrudishie mama koti lake.

Ndiyo. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Nililivua. Papa Hugues akanikaribisha kiti kwa heshima zote, na kiti cha heshima hakikataliwi. Nikaketi. Pini za stepla ziliruka mpaka kwenye chai. Sungura wote nje.

Mama Orpha ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akashika ukuta. Akafuata Papa Hugues. Akasema mtu anayekubali kubaki uchi ili arudishe mali ya watu, ukoo wake hauwezi kunyimwa binti. Wamekubali! Israël alilia kama mtoto. Orpha naye. Mimi pia, ila mimi ni kwa sababu msemaji husema akiwa amesimama, na mimi nilikuwa nimefungwa blanketi.

Alisema Évariste. Kwa muda mrefu. Na Warumi! Aliwasoma kwenye simu wakiwa safarini, kwenye kiti chake cha moto.

Picha zimekwenda Bukavu. Majogoo yamependeza sana. Shangazi amepiga kuuliza yule mgonjwa wa kwenye kochi ni nani.

Wakati wa kuaga, Mama Orpha alitusindikiza akiwa amelivaa koti, mumewe alitaka kumwona nalo. Akaninong'oneza: asante, Papa Gaston, sitakusahau. Sikuipenda sauti yake.

Ijumaa, 23 Januari

Kifurushi kutoka York. Papa Hugues anaandika kwamba ametafuta mtandaoni siku nzima, kwa sababu mtu mwaminifu hapaswi kuona baridi. Nikafungua. Zambarau. Manyoya shingoni. Ndugu wa koti lile lile!

Mwezi ujao wakwe wanakuja Birmingham, na Jeanne anasema lazima nilivae kuwapokea. Haiwezekani. Nina sare, na suruali imeshonwa upya.

Lakini safari hii nimetumia akili. Sikulipeleka duka la karibu. Nimepanda basi hadi Sparkhill, mtaa ambao hakuna anayenijua ila fundi wa suti, nikaliacha kwenye duka la mitumba la Stratford Road. Jioni nikamwambia Jeanne, kwa majonzi, kwamba koti limepotelea kwenye basi.

Akaniuliza kama ni basi lile lile lililokula skafu. Nikasema ndilo.

Akanitazama kidogo. Kisha akasema pole, baba, na kwamba kesho yeye na Rosine watashinda Sparkhill wakizunguka kwenye mitumba. Wanamtafutia Mama Orpha koti zuri la zawadi.

Nimewatakia kila la heri. Maduka ni mengi kule.