Binamu wa Milhem kutoka Brazil

Jumatatu, 8 Oktoba 2018

Kosa wanalofanya wengi wetu ni kufika hospitalini na kusema, "Mimi ni rafiki yake." Rafiki! Rafiki huachwa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, yeye na maua yake. Daktari wa hapa Beirut hazungumzi na rafiki. Mara nyingine hazungumzi hata na mgonjwa. Huita familia pembeni, hushusha sauti, na familia ndiyo huamua mgonjwa aambiwe nini.

Naandika haya kwa utulivu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na sita na sijawahi kumlaumu mwanafunzi kwa jambo ambalo sijamweleza mara tatu.

Milhem anapasuliwa keshokutwa. Utumbo mpana. Miezi kumi na mmoja alitokwa damu na kuniambia ni bawasiri. Nikamwamini, kwa kuwa ilinifaa kumwamini. Hakutaka kulala kwenye kitanda cha daktari aulizwe kama ameoa, kwa nini hajaoa, anaishi na nani. Watu wa umri wetu tumejificha na macho ya watu muda mrefu hata tunawaficha madaktari matumbo yetu. Tunaishi pamoja mwaka wa thelathini na moja sasa, ghorofa ya nne. Kwa majirani, mimi ni mpangaji wake.

Leo kwenye kahawa kaniwekea sharti. Dada yake Odette hautaji ule ugonjwa kwa jina, anasema "ule wenyewe" na kufanya ishara ya msalaba. Hata Milhem akiwa na mguu mmoja kaburini, Odette atamwambia ni uvimbe tu. "Wewe uwepo daktari akisema," akaniambia. "Kisha uniambie neno lenyewe, kama lilivyo." Nikaapa.

Basi lazima niwe familia. Mbinu ninayo.

Siham aliipinga Jumatano iliyopita, kama kawaida. Siham ni mfamasia mstaafu, na baraza letu la Jumatano hukutana kwake: wanawake wanaoishi na wanawake, wanaume wanaoishi na wanaume, wote wenye mvi. Tunacheza tavla, ule mchezo wa dadu, na kukumbushana vipimo. Yeye mwenyewe alikatwa titi miaka saba iliyopita. Anasema aliandika tu jina la Nawal wake kwenye fomu, mstari wa mtu wa kuarifiwa, na hakuna aliyeuliza Nawal ni nani. "Mwalimu Wadih, tafadhali, usituletee maigizo," akasema mbele ya watu wote.

Wafamasia! Wanadhani kila tatizo duniani linakwisha ukibandika karatasi.

Jumanne, 9 Oktoba

Tumelazwa. Yaani amelazwa.

Mbinu yenyewe ni hii. Mtoto wa baba mdogo haifai: tungekuwa na jina moja la ukoo, na mimi ni Sarruf, yeye ni Trad. Mtoto wa mama mdogo, hiyo inafaa. Mama mdogo huolewa kwingine, watoto wakabeba jina la huko, hakuna wa kuhakiki. Sayansi tupu.

Mapokezi waliimeza bila kutafuna. Sikuulizwa hata jina. Milhem alibaki dawatini akijaza makaratasi, mimi nikatoka kujipongeza kwa mkate wa zaatari.

Kisha wodi ya tatu! Muuguzi mkuu, bibi mmoja mnene aitwaye Tamam, kasoma jina la kijiji cha Milhem kwenye faili na kupiga kofi. Naye ni wa Ain Tuffaha! Kijiji cha nyumba sitini! Lebanon nzima haina muuguzi mwingine? Akanishika mkono: mimi ni wa mama mdogo yupi, Mariana, Adla au Zahiya? Watoto wao wote anawajua. Nusu ya wajukuu wao kawachanja yeye.

Nikafikiri haraka. Kila nyumba ya mlima ule ina mtu aliyevuka bahari na hakuandika tena. Nikainamisha kichwa. "Wa yule aliyeondoka," nikasema.

Tamam akaziba mdomo kwa mkono. "Najla!" Machozi hapo hapo. "Aliyetorokea Brazil na Maluf muuza vitambaa! Kwa hiyo wewe ni Maluf mdogo?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu imefika Brazil.

Jumatano, 10 Oktoba

Upasuaji saa nne nzima. Nimehesabu vigae vya ukumbi mara tisa, kila mara jibu tofauti.

Odette kafika na chupa ya supu ya kuku. Ana miaka sabini na mitatu, ni mjane, na kwa muda wote huu hajawahi kuniita kwa jina. Huniita "jirani." Tamam akamkumbatia, akampa hongera: damu ya Najla imerudi nyumbani!

Odette akanitazama. Nilidhani nimekwisha. Kumbe nilikuwa nimemfunga bila kukusudia, maana akisema mimi si mtoto wa Najla ataulizwa mimi ni nani, na hilo afadhali ameze kijiko. "Ndiyo," akasema, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. "Binamu yetu. Wa Brazil."

Tulipobaki wawili alininong'oneza kwamba Najla angenizaa mimi, angejitupa baharini.

Nami nilikuwa na supu. Ya dengu, yenye limau, ndiyo anayoipenda. Odette akadai supu ya dada hutangulia. Nikamweleza kwa upole kwamba kuku wake ana mafuta. Akanieleza bila upole kwamba dengu ni chakula cha msiba. Tulikuwa tunavutana kwenye meza ya kitanda Tamam alipoingia, akatukumbusha kwamba mgonjwa kakatwa utumbo saa mbili zilizopita na wala hajaamka, akanyang'anya chupa zote mbili.

Daktari ni Hourani, mwanamke kijana. Kivimbe kimetoka chote. Maabara watajibu Jumatatu.

Ijumaa, 12 Oktoba

Siham kapanga zamu za kuja kumwona, wawili wawili, wodi isishtuke. Jirjis kinyozi kamnyoa Milhem ndevu. Aliniambia mlangoni kwamba naye ana maumivu tangu Pasaka, ila anaogopa yale maswali. Nikamweleza umuhimu wa vipimo kwa dakika ishirini, kwa michoro. Siham akamwambia, "Kesho saa tatu, nakusindikiza." Hakuongeza kitu. Hana kabisa kipaji cha kufundisha.

Akaniuliza pia kama jina langu limo kwenye fomu. Nikamjibu kwamba mimi nimevuka hatua ya fomu, mimi ni damu.

Jumamosi, 13 Oktoba

Balaa. Tamam kampigia mama yake simu. Kijiji kizima kinajua. Wanakuja.

Wakati huohuo kaomba nimsemeshe Kireno kidogo, asikie lugha aliyokufa nayo Najla. Wauguzi watatu wakasogea. Nikavuta pumzi. Nilichonacho mimi kuhusu Brazil ni mito. Nikatazama dirishani, nikasema kwa huzuni, polepole, "Tocantins. Xingu. Madeira. Tapajós."

Mmoja akalia.

Milhem alicheka hadi nyuzi zikamvuta, Tamam akaja na sindano, na lawama zikanishukia mimi. Alipotulia akanishika kidole. Akaniuliza kama nakumbuka sharti lake. Nikamwambia ningekuwa nimesahau, ningekuwa hapa nikitaja mito?

Jumatatu, 15 Oktoba

Niandike yote, kwa mpangilio.

Asubuhi walifika watu kumi na tisa kutoka Ain Tuffaha, na sinia la kibe ya nyama, na matofaa masanduku matatu. Chumba cha vitanda viwili! Wanawake walinibusu wakinikagua masikio. Ya Najla, wakaafikiana.

Kisha wakapisha njia kwa mzee wa miaka themanini na minane, Abu Nasif. Huyu alimchumbia Najla kabla hajatoroka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akautafuta uso mwingine ndani yake. Akauliza kama mama yangu alipata kumtaja.

Wewe ungejibuje? Nikasema alimtaja kila Jumapili.

Akaniegemea begani akalia kimya, mwepesi kama koti. Nimewahi kudanganya wakaguzi wa shule, askari wa vizuizi vya barabarani wakati wa vita na mama yangu mzazi. Sijawahi kujiona mwizi kama leo.

Na juu ya bega lake nikaona, ukumbini, Daktari Hourani na faili. Odette anachomoka. Mlango unafungwa.

Watu kumi na tisa kati yangu na ule mlango! Nilisukuma. Nikabusiwa. Nikapewa tofaa. Nilipofika, Odette alikuwa anaingia, uso ameshaupanga. "Uvimbe tu!" akatangaza. "Wameutoa, umekwisha." Vigelegele! Abu Nasif akainua fimbo.

Milhem hakumtazama dada yake. Alinitazama mimi. Nami nilikuwa na tofaa mkononi na sikuwa najua lolote. Miaka thelathini na moja, ahadi moja.

Akabonyeza kengele. Tamam alipokuja, alimwambia, kwa sauti dhaifu lakini ya adabu, anawashukuru wageni, kibe ikaliwe ukumbini, na anamtaka daktari. Odette akavuta kiti karibu. "Na wewe, dada yangu," Milhem akasema. Odette akasimama kama aliyemwagiwa maji.

Daktari akauliza nani anabaki. Milhem akanielekeza kwa kidevu.

"Mtoto wa Najla," Tamam akamfafanulia daktari.

"Si mtoto wa Najla," Milhem akasema. "Huyu ndiye ninayeishi naye."

Nikasubiri dari ianguke. Daktari akafungua ukurasa wa kwanza. "Wadih Sarruf?" Akanionyesha: mwandiko wa Milhem, wa Jumanne iliyopita, mstari wa mtu wa kuarifiwa, umepigiwa mstari mara mbili. Siku nne daktari kaniulizia kwenye dawati la wodi! Kila siku kaambiwa hakuna mtu wa jina hilo, yupo tu bwana mmoja Maluf wa Brazil. Ndiyo maana leo akamwita dada.

Tamam akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema angenipiga kofi, ila nina umri wa baba yake. Akatoka na kutufungia mlango, taratibu.

Daktari akakaa, akasema yote. Milhem alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia. "Niambie wewe."

Nikatumia sauti ya darasani, nyingine haikupatikana. "Saratani, Milhem. Hatua ya tatu. Imegusa tezi mbili kati ya kumi na nane. Dawa za mshipani miezi sita. Anasema matumaini ni mazuri, na hasemi hivyo kukufurahisha."

"Ahsante," akasema. Akanila tofaa langu kwa macho, haruhusiwi bado.

Odette alikuwa nyuma ya mlango, amesikia kila neno. Aliingia macho mekundu, akatafuta kalamu kwenye mkoba. "Jirani," akasema, "hizo dawa ni siku zipi? Jumatatu na Alhamisi sina kazi."

Tamam akaniuliza Abu Nasif aambiwe nini. Nikamwomba asiambiwe kitu. Akafikiri, akakubali. Kijiji kimerudi mlimani kikiwa na furaha.

Kabla ya kuondoka, Daktari Hourani aliniuliza umri. Sitini na saba. Na mimi, nimepimwa utumbo lini? Nikamjibu papo hapo: mwaka jana, safi kabisa. Milhem akafumba macho.

Jumatano, 17 Oktoba

Baraza. Wamekuja wengi kuliko viti. Nilizungumza dakika arobaini na tano, kwa mchoro wa utumbo mkubwa kama ramani ya Mto Nile, nikaeleza kwa nini watu wetu huchelewa: tunaogopa swali moja la fomu kuliko tunavyoogopa kufa. Nikasema kivimbe kikiwahiwa kinatolewa asubuhi na mtu anarudi kula chakula cha mchana kwake. Kumi na mmoja wamejiandikisha kwenye daftari la Siham. Jirjis keshapimwa, wamemtoa vivimbe viwili vidogo visivyo na madhara, akasimama akasema hayo mwenyewe, na hakuna fomu iliyomng'ata.

Kisha Siham akaniletea kalamu. Mbele ya watu. Tarehe yangu mimi?

Nikasema nimeshapanga, Jumatatu. Akasema vizuri, nimletee cheti.

Sasa, mambo lazima yaelezwe kwa haki. Mimi si kama wengine. Nina mgonjwa nyumbani. Ile dawa ya kusafisha tumbo kabla ya kipimo humfanya mtu ashinde chooni kutwa, na sisi choo tunacho kimoja. Tena mwalimu wa miaka thelathini na sita, anayekula dengu, anaujua mwili wake. Nitamwomba Jirjis aniazime cheti chake. Jina linafutika kwa ustadi, na mwandiko wa daktari yule naweza kuuiga. Siham haoni vizuri vitu vya karibu. Mbinu safi. Nitaikamilisha wiki ijayo, au Novemba.

Ila wewe utakayelisoma daftari hili huna sababu nzuri kama zangu. Piga simu leo, upange siku ya kipimo.