Majibu ya Uhakika ya Royce Tackett

Royce Tackett alisimama mbele ya tangazo la shule ya Harlan Fork, Ohio, akalisoma kwa macho ya mahaba: wanatakiwa madereva tisa wa mabasi, mitihani ya leseni Jumatatu. Mtu wa kawaida angeona kazi. Royce, ambaye kazi humtoa vipele, aliona watu tisa wenye haraka.

Kesho yake alikodi basi kuukuu la shule, akavaa tai, akaitwa mwalimu.

"Mnaweza kukesha na kile kitabu kinene cha leseni," aliwaambia akina mama tisa waliojitokeza. "Au mnunue majibu ya uhakika kutoka kwa mtu wangu wa ndani."

"Dola mia mbili?" mmoja akaguna.

"Na usingizi mnono juu yake, dada'angu."

Majibu yenyewe aliyatunga mgahawani akisubiri mayai. Ukifika kwenye reli, aliandika, kaza mwendo uiwahi treni. Mayai yakaja, elimu ikaishia hapo.

Opal Hutchins alinunua kama wenzake, kisha akakisoma na kitabu, maana hakuwahi kumwamini mwanamume mwenye meno meupe kiasi kile. Kitabu kilisema usimame, ufungue mlango, usikilize. Opal alikuwa amewapikia watoto wa shule ile miaka thelathini, na alizitaka sana leseni na kazi ile. Alikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Kisha akawapigia simu wenzake wanane.

Ijumaa mchana, somo la mwisho. Royce alikuwa na begi la fedha kifuani na safari kichwani. Mpaka Jumatatu angekuwa jimbo jingine. Upande wa pili wa barabara, askari Lonnie alikuwa akila pai ya cheri.

Opal, aliyekuwa kwenye usukani, akazima injini. Honi ikaanza kulia yenyewe, mji mzima ukasikia. Lonnie akainua kichwa.

"Zima hicho kitu!" Royce akafoka.

"Haizimiki huku mbele, mwalimu. Dereva lazima aende nyuma akague kama kuna mtoto amelala, ndipo abonyeze kitufe. Si ulitufundisha?"

"Nilikuwa nawapima tu."

"Basi tuonyeshe. Upige magoti uchungulie chini ya kila kiti, la sivyo kitufe hakikubali. Begi niachie, litakukwamisha."

Habari ya magoti ilikuwa uongo mtupu. Lakini Lonnie alikuwa ameshaweka uma chini, na Royce akavua begi. Alitambaa viti kumi na viwili, akakusanya vumbi, ubani uliotafunwa na soksi moja. Akabonyeza kitufe. Kimya.

Alipogeuka, basi lilikuwa tupu. Akina mama tisa walikuwa barabarani na begi, wakigawana kila mtu mia mbili zake, na Lonnie anakuja akijifuta mdomo.

"Vipi, Opal?"

"Tunasoma usalama, mwanangu. Hebu subiri hapo kidogo."

Royce akauona mlango wa dharura nyuma ya basi, akatabasamu kwa meno yote, akaushusha mpini taratibu.

King'ora cha mlango kikalia kwa nguvu kuliko honi. Lonnie akazunguka nyuma ya basi, akamdaka akiwa bado hewani.

"Mlango wa dharura uko ukurasa unaofuata," Opal akawaambia wenzake.